Mginko wa mbegu haupendi msumeno

Miti mingi tunayoilea kuwa bonsai, yaani miti inayotunzwa ibaki midogo ndani ya chungu, hujifunika jeraha yenyewe. Ukikata tawi, gome jipya hutambaa kutoka pembeni, na baada ya miaka michache huoni palipokatwa. Mginko (ginkgo, mti wenye asili ya China) hauna tabia hiyo. Ukiukata pakubwa, kidonda hubaki wazi, sehemu ya ndani hukauka na pengine kuoza. Ndiyo maana mimi huanza na mbegu: naupata mti usio na kovu hata moja, kisha kazi yangu ni kuulinda ubaki hivyo.

Nyama inayofunika mbegu hunuka kama siagi iliyochacha, na utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu unapoiosha. Mbegu ikianguka, kiini chake mara nyingi hakijakomaa. Naiweka kwenye mchanga wenye unyevu, kwanza wiki kadhaa mahali penye joto la wastani, halafu miezi miwili au mitatu kwenye friji.

Mche hushusha mzizi mkuu mrefu mwaka wa kwanza. Majira ya baridi yakiisha, kabla macho yake, yaani vichipukizi, hayajafumbuka, naung'oa, naufupisha mzizi huo na kuitandaza ile ya pembeni pande zote. Mizizi ya mginko ni minene na imejaa maji. Udongo wa chungu ukiganda kwa baridi kali, inaharibika.

Sasa shina. Ili shina linenepe haraka, wengi huuacha mti ukue ardhini bila kuguswa, kisha huukata kwa msumeno. Kwa mginko naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote. Mimi pia naupanda ardhini, lakini kila mwaka nafupisha ncha ikiwa bado nyembamba kama penseli, juu kidogo ya jicho linalotazama ninakotaka shina lielekee. Shina hunenepa polepole zaidi, nami nakubali gharama hiyo.

Matawi yake hupenda kupanda juu, na umbo linaloufaa ni la mwali wa moto. Kuyalazimisha yalale kama ya msonobari ni kupigana na mti. Waya wa kukunjia matawi nautumia kidogo tu, kwa sababu gome ni laini na alama hukaa miaka. Majani nayo hayapungui sana ukubwa, kwa hiyo usilenge mti mdogo mno. (Ya mche huwa yamepasuka katikati kabisa, ndiyo maana jina lake la kisayansi ni Ginkgo biloba: biloba ni "yenye sehemu mbili", jina alilolitoa mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1771.)

Jambo moja bado huniuma: tawi zima linaweza kufa wakati wa baridi bila dalili yoyote. Nimewahi kupoteza tawi la chini nililolilea miaka minne. Tangu hapo, kila tawi muhimu nalipatia mwenzake jirani wa akiba, na simwondoi mpaka nione macho ya wote wawili yamefumbuka.