Uhamiaji, Viwanda na Miji ya Marekani Mwishoni mwa Karne ya 19: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu uhamiaji wa Marekani ni kwamba maofisa wa kisiwa cha Ellis, kituo cha kukagulia wahamiaji katika bandari ya New York, waliwabadilishia wageni majina kwa kuwa hawakuweza kuyatamka. Familia nyingi za huko hurithishana kisa hiki na kukiamini kwa dhati, lakini hakipatani na jinsi kazi ilivyofanyika pale. Mkaguzi hakuwa na kazi ya kuandika majina; mbele yake kulikuwa na orodha ya abiria iliyojazwa na kampuni ya meli kule msafiri alikopandia, iwe Hamburg, Naples au Liverpool, naye aliuliza maswali na kulinganisha majibu na yale yaliyokwisha kuandikwa. Kituo kiliajiri pia wakalimani wa lugha nyingi, baadhi yao wakiwa wahamiaji wenyewe. Majina yalibadilika kweli, ila baadaye, na mara nyingi kwa hiari ya mwenye jina: kazini, shuleni au wakati wa kuomba uraia, kwani mtu aliweza kujiita jina jipya bila kwenda mahakamani mradi hakukusudia kulaghai.

Kisiwa chenyewe kimebebeshwa historia isiyo yake. Kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, kwa hiyo Mjerumani aliyefika New York mwaka 1880 hakupita hapo bali Castle Garden, kituo cha jimbo kilichofanya kazi kuanzia 1855 hadi 1890. Hata baada ya hapo, waliovushwa kwenda kisiwani walikuwa hasa abiria wa daraja la chini. Wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini. Waliokataliwa walikuwa takriban asilimia 2 tu.

Asilimia hiyo ndogo imewafanya wengi wadhani kuwa mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kwa watu wa Ulaya ulikaribia kuwa hivyo. Wachina walifungiwa: sheria ya 1882 iliwazuia vibarua wao kuingia, ikaongezewa muda mwaka 1892, na haikufutwa hadi 1943. Ilipitishwa miaka 13 tu baada ya kukamilika kwa reli ya kuvuka bara, ambayo sehemu yake ya magharibi ilijengwa kwa sehemu kubwa na vibarua hao hao wa Kichina. Sheria nyingine ya 1885 ilikataza kuleta wafanyakazi kutoka nje kwa mkataba, na hapa inaanguka dhana kwamba wahamiaji waliagizwa na wenye viwanda kama shehena. Wengi walivutwa na barua za ndugu waliotangulia, na mara nyingi ndugu hao ndio waliowalipia tiketi.

Jambo ambalo simulizi ya taifa hulisahau kwa urahisi mno ni kwamba wengi hawakunuia kubaki. Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari ya wiki kadhaa ikawa ya siku kumi hivi, na mwanamume kutoka kusini mwa Italia aliweza kwenda kufanya kazi ya reli au ujenzi, akarudi kununua shamba kijijini kwake. Wanahistoria hukadiria kwamba kati ya robo na theluthi ya walioingia miongo hiyo walirejea makwao, na kwa Waitalia idadi ilikaribia nusu. Wayahudi wa Urusi walirudi kwa nadra, kwa sababu mashambulizi dhidi yao yaliyoanza 1881 hayakuwaachia mahali pa kurudi.

Kuhusu miji, ni kosa kudhani kuwa kufikia 1900 Wamarekani wengi walikuwa watu wa mjini. Ni takriban asilimia 40 tu walioishi mijini; nusu ilivukwa katika sensa ya 1920. Picha yetu imepotoshwa na Chicago, iliyokua kutoka watu wapatao 300,000 mwaka 1870 hadi zaidi ya milioni moja mwaka 1890, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kumeza vitongoji vya jirani mwaka 1889. Zaidi ya robo tatu ya wakazi wake walikuwa wahamiaji au watoto wao. Katika nchi nzima, waliozaliwa nje hawakufika asilimia 15, na miji ilijazwa pia na vijana wa mashambani ambao mashine za kilimo zilikuwa zimewapunguzia kazi.

Chicago ndiyo iliyotuachia kisa cha ng'ombe wa Catherine O'Leary, anayedaiwa kupiga teke taa na kuuwasha moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya jiji mwaka 1871. Moto ulianzia zizini kwake, hilo halina ubishi, lakini uchunguzi rasmi wa wakati ule haukupata chanzo. Lawama ilimwangukia upesi mama maskini wa Kiayalandi, Mkatoliki, na baraza la jiji lilimsafisha mwaka 1997, yeye akiwa kaburini zaidi ya karne moja.

Inasemwa, mwisho, kwamba wageni wasio na ujuzi ndio waliowaondoa mafundi viwandani. Ukweli ni kwamba mitambo ya kufua chuma cha pua ilitangulia kuufanya ujuzi wa fundi usihitajike, ndipo Waslavi, wahamiaji wa Ulaya Mashariki, wakaajiriwa kwa kazi za suluba zilizobaki. Chama cha mafundi kilivunjwa huko Homestead, Pennsylvania, mwaka 1892 na kampuni ya chuma ya Andrew Carnegie, ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Uskoti, na zamu ya saa 12 ikaendelea katika viwanda hivyo hadi 1923.