Ukingo wa gurudumu hauna kosa, jamani

Nimeambiwa tena. Safari hii ni kijana mwenye treni za modeli anayetaka kutoka OO (kiwango cha kawaida cha dukani Uingereza) aingie fainskeli (viwango vinavyofuata vipimo vya treni ya kweli kwa karibu zaidi, kama EM na P4), na wenzake wamemtia hofu: magurudumu yale yana ukingo (ule mdomo wa ndani unaolizuia gurudumu lisitoke relini) mdogo mno, treni itaacha reli kila ikifika kwenye pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), utajuta. Amekuja kwangu akitaka nikubali tu kwamba ni kweli, alale salama. Jambo hili nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika. Atakayefuata nitamtumia kiungo.

Ukingo mdogo hauangushi treni, wala ukingo mkubwa hauizuii kuanguka. Kazi ya ukingo mkubwa ni kuficha reli iliyotandikwa vibaya, na huificha kwa muda tu.

Tuanze na namba. Ukingo wa gurudumu la treni ya kweli una kina cha milimita 28 au 29 hivi. Gawanya kwa 76.2, maana tunazungumzia skeli ya milimita 4 kwa futi, unapata chini kidogo ya milimita 0.4. P4 wanatumia 0.38. Hakuna aliyenyoa kitu hapo. Ni ukingo wa kweli uliopunguzwa kama injini yenyewe ilivyopunguzwa. Gurudumu la kawaida la dukani, la RP25 (jina la umbo lake) lenye upana wa milimita 2.8, lina ukingo wa 0.64. Tofauti yote inayowanyima watu usingizi ni robo ya milimita.

Halafu kuna kanuni ya Nadal, ambayo wahandisi wa reli za kweli wanaitumia mpaka leo kujua gurudumu litapanda reli lini. Inataka nguvu inayosukuma gurudumu pembeni, uzito unaolikandamiza chini, pembe ya uso wa ukingo, na msuguano. Kina cha ukingo hakimo. Kama nguvu ya pembeni imeshatosha kulipandisha gurudumu, litapanda 0.38 na litapanda 0.64, ila kwenye 0.64 litachelewa kidogo. Ukitaka kulizuia, shughulikia pembe, uzito na ulaini wa reli.

Sasa, watu hawa hawakuota. Waliona kitu. Walichukua magurudumu membamba, wakayaweka kwenye pointi zao za OO, na behewa likaruka mbele ya macho yao. Hapo ndipo nataka tukae, maana walichokiona ni kweli na walichohitimisha ni uongo.

Pointi ina mahali pamoja pabaya: pale reli ya njia moja inapokatana na reli ya njia nyingine, kwenye ile V. Ili ukingo upite, reli lazima iachiwe mfereji. Gurudumu linakuja limelala juu ya reli inayopinda kwenda pembeni, linavuka pengo, linapokelewa na ncha ya V. Kwa kitambo kile cha kuvuka, kinacholibeba ni sehemu ya nje ya uso wake tu, ile inayobaki imeegemea reli lilikotoka. Ndiyo maana upana mzima wa gurudumu lazima uzidi mifereji miwili pamoja na unene wa ncha yenyewe. Huu si ushauri wa wazee wa kazi. Ni jiometri.

Pointi nyingi za OO zina mfereji wa milimita 1.25 hivi. Mara mbili ni 2.5. Gurudumu la 2.8 linapita, kwa taabu kidogo lakini linapita. Weka hapo gurudumu la EM lenye upana wa 2.3: halifiki. Linatumbukia mferejini, linagonga ncha ya V, linaruka, na mwenye behewa anatazama ukingo na kusema, "Unaona? Mdogo mno!" Ukingo haukuhusika hata kidogo. Lililopungua ni upana, na lililozidi ni mfereji.

Nenda kwenye P4. Mfereji ni 0.68, miwili ni 1.36, na gurudumu lina upana wa milimita 2. Linabaki na zaidi ya nusu milimita ya kuegemea. Kwa hiyo gurudumu jembamba kuliko yote ndilo linalopita laini kuliko yote, likiwa kwenye pointi yake. Watu wakisikia hivi hunitazama kama nimechanganyikiwa.

Kinyume chake nacho kipo. Chukua injini ya zamani yenye kingo ndefu, ipitishe kwenye reli ya kodi 75 (yaani yenye kimo kidogo, inchi 0.075): kingo zinatembea juu ya vishikizo vya reli kwenye mataruma, unasikia ta-ta-ta-ta mpaka mwisho wa meza. Hapo nani mwenye kosa? Hakuna. Viwango viwili vimelazimishwa kuishi nyumba moja.

Jambo la pili linaloniudhi, pengine kuliko la kwanza, ni watu kupima geji (nafasi kati ya reli mbili) na kuishia hapo. "Geji yangu iko sawa kabisa, 18.83, nimepima." Sawa, na nafasi kati ya migongo ya magurudumu, yaani nyuso zao za ndani, je? Kimya.

Reli mlinzi, ile fupi inayokaa upande wa pili wa V, haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Inashika mgongo wa gurudumu la upande wake na kuivuta ekseli nzima, ili ukingo wa gurudumu la upande wa V usigonge ncha. Kwa hiyo kipimo kinachotawala pointi ni umbali kutoka uso wa reli mlinzi unaofanya kazi hadi uso wa V, yaani geji ukitoa mfereji mmoja. Kwa P4: 18.83 toa 0.68 ni 18.15. Sasa pima ekseli. Nafasi ya migongo isizidi 17.75, unene wa ukingo ni 0.40; jumlisha, 18.15. Namba zinakutana kamili. Nafasi ya migongo ikifika 17.85, ukingo unaanza kuigonga ncha. Ikishuka sana, karibu na 17.47, magurudumu yanabana reli mlinzi kwa upande mmoja na reli ya pembeni ya V kwa upande mwingine, na ekseli inanyanyuka. Kiwango cha chini kinachokubalika ni 17.67. Ukihesabu, nafasi ya kuchezea ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo maana tunatumia kipimo cha shaba kilichochongwa tayari badala ya kukisia kwa kalipa kila mara.

Ukitaka kujua pointi yako inasema nini, usiiendeshee treni. Chukua behewa moja, lisukume kwa kidole polepole mno, jicho lako likiwa usawa wa reli na taa nyuma yake. Utaona mwanga chini ya gurudumu pale linaponyanyuka, na utahisi kidoleni kabla hujaona. Kisha tazama ncha ya V kwa lenzi. Mkwaruzo mpya unaong'aa ubavuni mwa ncha maana yake migongo imetanuka, au reli mlinzi imekaa mbali mno na reli yake.  Niseme kwa ufupi usichanganyikiwe: mfereji wa reli mlinzi ukipanuka, ncha inagongwa. Mkwaruzo ukiwa juu ya reli mlinzi yenyewe, magurudumu yamebanana mno.

Historia nitaipitia haraka, maana imeandikwa kila mahali. Injini za Uingereza ni ndogo kuliko za bara la Ulaya na Marekani, na mota za enzi zile hazikuenea ndani ya mwili wa skeli ya HO (milimita 3.5 kwa futi). Wakakuza mwili hadi milimita 4 kwa futi, wakaiacha reli ile ile ya 16.5. Zidisha 16.5 kwa 76.2 unapata milimita 1,257, wakati geji ya kweli ni 1,435. Ndiyo OO hiyo. EM ikaja na 18, baadaye 18.2, P4 ikaja miaka ya 1960 na 18.83. Na yeyote anayedhani treni za fainskeli ni za kutazamwa tu, hazitembei, atafute habari za Buckingham ya Peter Denny, reli ya EM iliyoanza miaka ya 1940 na kuendeshwa kwa ratiba kwa miongo. Au Copenhagen Fields, ya skeli ya milimita 2 na geji ya 9.42, inayoendesha treni ndefu mbele ya umati kwenye maonyesho.

Haya, haki itendeke. Kuna mahali pamoja ambapo ukingo mrefu unasaidia kweli: reli iliyopinda kama ubao uliolowa. Behewa la magurudumu manne lenye fremu ngumu, likipita mahali ambapo reli moja imeshuka milimita 0.4, gurudumu moja linaning'inia. Likiwa na ukingo wa 0.64, ukingo bado umo ndani. Likiwa na 0.38, umeshatoka. Lakini dawa yake tunaijua. Ekseli moja inakaa imara, ya pili inaachwa ibembee juu ya kiungio cha katikati, na behewa linakuwa kigoda cha miguu mitatu: hakiyumbi hata kwenye sakafu ya mawe. Wengine wanatumia springi za waya mwembamba wa chuma. Vitabu vingi vya sasa vinasifu springi. Mimi nimeona mabehewa ya springi yakiacha reli bila sababu niliyoweza kuionyesha, na nimeona mabehewa magumu, yaliyojengwa na mtu mwenye mkono mtulivu, yakitembea vizuri tu kwenye reli iliyonyooka. Sipendi kulisema hilo hadharani, lakini ndivyo.

Uzito nao hauna mwafaka. Mapendekezo ya NMRA (chama cha wanamodeli wa reli Marekani) kwa HO ni gramu 28 za kuanzia na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa la sentimita 7 inatoka gramu 67 hivi. Desturi ya wajenzi wengi wa P4 ni gramu 25 kwa ekseli, yaani 50. Behewa langu linatembea kwa vyote viwili, ila treni ndefu yenye mabehewa mepesi katikati na mazito nyuma ni balaa kwenye kona. Usawa kati ya behewa na behewa ni muhimu kuliko namba yenyewe.

Na lile suala la magurudumu yenye uso wa mteremko kama koni, 1 kwa 20, ambalo kila mtu hulirudia kwamba ndilo linaloiongoza treni na si ukingo. Kwenye reli ya kweli, sawa. Kwetu nimelipigia hesabu: gurudumu la kipenyo cha milimita 12, nafasi ya kuchezea ya 0.14 kila upande, mteremko peke yake unaweza kuiongoza ekseli kwenye kona yenye nusu kipenyo cha kama mita 8. Nani ana mita 8 chumbani? Kona zetu nzuri ni za mita moja au mbili. Zile za treni za watoto, milimita 438, zikikuzwa ni kona ya mita 33, ambayo treni kubwa isingeithubutu. Kwa hiyo kwenye kona zetu ukingo unafanya kazi, tena sana. Nimewasikia mabingwa wakiwaambia wanaoanza kwamba ukingo haugusi reli kamwe, nami nikanyamaza kwa adabu. Unagusa. Unachohitaji ni uso wenye mwinuko mkali na ulio laini, si kina.

Hata P4 yenyewe si kweli tupu. Mfereji wa Uingereza ni inchi 1.75, ukiupunguza kwa skeli unapata milimita 0.58, si 0.68. Walilegeza kidogo ili mikono ya binadamu iweze. Mimi nawaunga mkono. Wapo wanaoshikilia 0.58, na siwagombezi, ila wasinihubirie usafi.

Je, uchague EM au P4? Ukisimama hatua moja kutoka mezani, tofauti ya milimita 0.63 kati yao huioni isipokuwa treni inakujia uso kwa uso. Tofauti ya OO, milimita 2.33, inaonekana hata kwenye picha. Kama una mabehewa mengi ya zamani na chumba kidogo, EM itakusamehe mengi na kona zake zinakubali kubana zaidi. Kama unajenga kila pointi mwenyewe kwa lehemu, kazi ya P4 ni ile ile, unabadilisha vipimo tu mkononi.

Kijana wangu, basi, kabla hujauza chochote: chukua pointi moja ya kiwango unachokitaka, ijenge kwenye kipande cha ubao, badilisha magurudumu ya behewa moja, pima migongo, lipitishe kwa kidole. Na upime tena baada ya kuliendesha kwa muda, maana magurudumu yaliyobanwa tu kwenye ekseli huteleza taratibu bila kukuaga. Yakiteleza, tone la gundi kali ya kukazia nyuzi za skrubu kwenye ekseli, upande wa ndani, linatosha.