Povu la siki na magadi soda si usafi

Wanaotaka kuachana na dawa kali za dukani huambiwa wachanganye siki na magadi soda, eti povu likipanda uchafu umekwisha. Sivyo. Siki ni asidi, magadi soda ni alkali. Vikikutana vinamalizana nguvu. Povu lile ni hewa ya kaboni dioksidi, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi tu.

Tumia kimoja kimoja. Sinki lenye mafuta lisugue kwa magadi soda yaliyoloweshwa kidogo. Birika lenye utando mweupe wa chokaa litie siki na maji nusu kwa nusu, uache saa moja, kisha suuza vizuri.

Na tafadhali sana, siki isikutane na jiki: hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu.