Je, wajua kwa nini kitambaa cha tabaka tatu huvutika na kurudi bila kubanduka?

Mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanza safari msituni, penye mvua nyingi, kwenye mwinuko usiofika mita 2,000, na siku chache baadaye hukanyaga kilele cha Uhuru, mita 5,895, katika baridi ya kugandisha. Koti lake la nje linatakiwa kuzuia mvua na upepo, kupitisha mvuke wa jasho, na wakati huohuo kumwacha anyooshe mkono na kuinama bila kubanwa. Likivutwa kwenye kiwiko, kitambaa hurefuka, na likiachiwa, hurudi. Kinachoonekana kuwa kitambaa kimoja kwa kweli ni vitu vitatu vilivyogundishwa pamoja: kitambaa kigumu cha nje, utando mwembamba kuliko unywele katikati, na kitambaa laini cha ndani. Kila kimoja huvutika kwa namna yake, na kwa kawaida vitu vya namna hiyo vikigundishwa na kuvutwa mara elfu kadhaa, vingepaswa kuachana. Haviachani kwa sababu tabaka zote, pamoja na gundi iliyo kati yake, hupangwa ziende pamoja tangu uzi wa kwanza unapochaguliwa. Kwa maoni yangu, gundi hiyo, ambayo hakuna muuzaji anayeisifu dukani, ndiyo inayoamua zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Usanifu wa kitambaa cha aina hii huanzia kwenye mwili. Mtu anapochuchumaa, ngozi ya goti hurefuka kwa karibu theluthi moja au zaidi ya urefu wake, na kiwiko kinapokunjwa hali hukaribiana na hiyo. Vazi lisilovutika hulazimika kushonwa pana, au kuteleza juu ya ngozi hadi suruali ipande na koti litoke kiunoni. Kitambaa kikiweza kuvutika kwa asilimia 15 hadi 30, mavazi mengi ya nje hutosheka, kwa kuwa mshonaji naye huacha nafasi kidogo. Mavazi ya kubana mwili, kama ya waendesha baiskeli na waogeleaji, huhitaji zaidi ya hapo. Msanifu huamua pia mwelekeo wa kuvutika, yaani upana peke yake au upana na urefu, na hapo ndipo anapokutana na swali gumu kuliko yote, ambalo ni kiasi gani kitambaa kitarudi. Kitambaa kinachovutika na kubaki hivyo hutoa suruali iliyovimba magotini baada ya saa moja tu ya kukaa.

Uzi uliobadilisha kabisa kazi hii ni elastani, ambao Wamarekani huuita spandeksi. Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont, aliukamilisha mwaka 1958 katika maabara ya Waynesboro, Virginia, nchini Marekani, na kampuni hiyo ikauuza kwa jina la Lycra. Uzi huu ni jamii ya poliuretani, aina ya plastiki, na siri yake imo katika molekuli ndefu zinazopishanisha sehemu laini na sehemu ngumu. Sehemu laini hukaa zimejikunjakunja ovyo, na uzi unapovutwa hunyooka. Sehemu ngumu zimeshikamana na sehemu ngumu za molekuli jirani, kwa hiyo molekuli haziwezi kupitana na kuhama moja kwa moja. Nguvu ya kuvuta ikiisha, sehemu laini hurudi katika hali yao ya kujikunja, nazo huurudisha uzi mzima. Uzi wa namna hii unaweza kuvutwa hadi mara tano ya urefu wake, na hata zaidi, kabla ya kukatika.

Elastani kwa kawaida haiachwi wazi mbele ya mvaaji. Kiwandani uzi wake huvutwa kwanza hadi mara kadhaa ya urefu wake, kisha huzungushiwa nyuzi za nailoni au poliesta ukiwa bado umevutwa. Unapoachiwa, nyuzi hizo za nje hujikusanya juu yake, zikisubiri kufunguka tena. Ndiyo maana mkono ukigusa kitambaa chenye elastani huhisi nailoni au poliesta, na ndiyo maana asilimia 5 hadi 15 tu ya elastani hutosha katika vitambaa vingi vya nje. Nailoni ndiyo inayoweka kikomo cha kuvutika: ikishanyooka yote, elastani iliyo ndani hulindwa isivutwe hadi kukatika.

Namna ya kufuma nayo ina sauti yake. Kitambaa cha mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu zinazopishana na nyuzi za upana, huvutika pale tu ambapo uzi wenyewe unavutika, kwa hiyo elastani ikiwekwa kwenye mshindio peke yake, kitambaa huvutika kwa upana tu. Kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi, kama fulana, huvutika hata bila elastani kwa sababu vitanzi hubadili umbo. Elastani huwekwa humo hasa ili virudi. Kwa koti la mlimani wasanifu mara nyingi huchagua mtande na mshindio kwa tabaka la nje, linalosuguliwa na mawe na mikanda ya begi, na vitanzi kwa tabaka la ndani linalogusa mwili. Baada ya kufumwa, kitambaa hupitishwa katika tanuri huku kingo zake zikiwa zimeshikwa na pini, kwa joto linalokaribia nyuzijoto 190, ili upana wake utulie. Joto likizidi, elastani hupoteza nguvu; likipungua, kitambaa huja kujikunja kwenye meza ya mkataji.

Ipo pia njia ya kupata mvutiko bila elastani hata kidogo. Aina mbili za poliesta huunganishwa bega kwa bega katika uzi mmoja, na kwa kuwa kila moja hunywea kwa kiasi chake inapopata joto, uzi hujizungusha kama waya wa simu ya mezani. Sufu ya kondoo hufanya jambo linalofanana na hilo kwa maumbile yake. Mvutiko unaopatikana hivyo ni mdogo, lakini hudumu muda mrefu na hauogopi klorini, ambayo huila elastani ya nguo za kuogelea polepole.

Katikati kuna utando, nao ndio unaolipatia koti sifa ya kuzuia maji. Familia zake kuu ni mbili. Ya kwanza hutokana na PTFE, plastiki inayojulikana zaidi kama Teflon, iliyogunduliwa kwa bahati na mkemia Roy Plunkett mwaka 1938. Mwaka 1969 Bob Gore alikuwa akipasha moto vijiti vya plastiki hiyo na kuvivuta polepole, navyo vikawa vinakatika. Alipokivuta kimoja kwa ghafla na kwa nguvu, kikarefuka maradufu mara nyingi na kujaa vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke hupita. Mavazi ya kwanza yenye utando huo, uliopewa jina la Gore-Tex, yaliingia sokoni katika miaka ya 1970. Utando huo ni hodari kwa mvua, lakini kwa suala letu una kasoro moja kubwa: hukubali kuvutwa, ila haurudi. Njia mojawapo ya kulikwepa tatizo hilo ni kuugundisha juu ya kitambaa ambacho kimevutwa kwanza. Kitambaa kikirudi, utando hujikunja mikunjo midogo isiyoonekana, na kikivutwa tena mikunjo hufunguka bila utando wenyewe kurefuka.

Familia ya pili ni utando wa poliuretani, ndugu wa damu wa elastani. Huu huvutika na kurudi kwa asili yake. Baadhi ya aina zake hazina tundu lolote: mvuke hunaswa na sehemu za molekuli zinazopenda maji, hupokezanwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, na hutokea upande wa pili. Safari hiyo huendeshwa na tofauti ya mvuke kati ya ndani na nje ya koti, na kwa hiyo hewa ya nje inapokuwa ya joto na imejaa unyevu, msukumo hupungua sana. Koti linalofanya kazi vizuri juu ya mlima wenye baridi humtesa mvaaji wake Tanga au Mombasa wakati wa masika, na tatizo hapo ni hali ya hewa yenyewe, wala si ubovu wa koti.

Sasa tuje kwenye gundi. Ingepakwa kote, ingefanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: ingeziba njia ya mvuke, na ingekigeuza kitambaa kuwa ubao. Kwa hiyo hupakwa kwa vitone. Rola la chuma lililochongwa vishimo vidogo vingi huzungushwa ndani ya gundi iliyoyeyushwa, kisu hufuta iliyozidi, na kilichobaki katika vishimo huhamia kwenye utando kikiwa safu baada ya safu ya vitone. Hapo kitambaa hulazwa juu yake na vyote viwili hupita katikati ya marola yanayokandamiza. Kila kitone ni nanga, na kati ya nanga na nanga utando una uhuru wa kusogea. Vitone vikikaribiana mno, kitambaa hukakamaa. Vikitengana mno, utando huachana na kitambaa na kufanya malengelenge baada ya kufuliwa. Kusanifu mpangilio wa vishimo hivyo ni kazi ya akili sana, ingawa mvaaji hatauona kamwe.

Gundi inayopendwa siku hizi nayo ni poliuretani, ya aina inayopakwa ikiwa ya moto kisha huendelea kukomaa kwa kunywa unyevu wa hewani. Majora hupumzishwa kwa siku moja au zaidi kabla ya kuguswa, na katika muda huo molekuli za gundi hufungana hadi isiweze kuyeyuka tena kwa joto la kufulia. Kwa kuwa ni jamii moja na elastani, kitone chenyewe huvutika. Katika koti zuri, basi, uzi, utando na gundi huweza kuwa wa ukoo mmoja wa kemia, na hilo linaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini havigombani.

Lakini kemia haitoshi bila mkono wa fundi mashine. Tabaka tatu huingia mashineni kutoka majora matatu, na kila jora huvuta kwa nguvu yake. Kitambaa cha nje kikiingia kimevutwa hata kidogo kuliko cha ndani, kitanywea baada ya gundi kukauka, na jora zima litajikunja kingo au kujaa makunyanzi. Kwa hiyo vitambaa vyenye elastani hulishwa mashineni vikiwa vimelegezwa, aghalabu vikibebwa na mkanda badala ya kuvutwa, na mvuto wa kila jora hupimwa muda wote. Kosa la hapa halirekebishiki. Hakuna pasi inayoweza kuliondoa.

Suti za wazamiaji ni ndugu wa karibu wa makoti haya. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alibuni suti ya neoprini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Suti za awali zilikuwa povu tupu la mpira, zikichanika kwa urahisi na kung'ang'ania ngozi hadi mvaaji ajipake poda ndipo ziingie. Kugundisha kitambaa chembamba cha nailoni kilichofumwa kwa vitanzi kwenye povu ndiko kulikoziponya, na suti za milimita 3 zinazovaliwa katika bahari yenye joto kama ya Pemba na Mafia hutengenezwa kwa mtindo huo hadi leo.

Mshono ni mahali pa hatari, kwa kuwa sindano hutoboa utando uliolindwa kwa gharama yote hiyo. Nyuma ya kila mshono hubandikwa utepe kwa hewa ya moto, nao utepe ukiwa hauvutiki, koti zima hukaza kwenye mistari ya mishono. Maabara hupima mambo hayo kwa ukali: maji husukumwa upande mmoja wa kitambaa kwa presha inayopanda hadi matone yajitokeze upande wa pili katika sehemu tatu, na kitambaa cha kuaminika huvumilia mnara wa maji wa milimita 10,000, yaani mita 10. Kisha hufuliwa mara nyingi, huvutwa, huachiwa na kupimwa kimebaki kirefu kwa kiasi gani.

Adui wa polepole ni unyevu wa joto. Poliuretani za aina fulani hukatwakatwa na maji molekuli kwa molekuli, na ndiyo sababu koti la mitumba linaweza kuonekana jipya kwa nje huku ndani likimwaga magamba meupe na kunata. Anayenunua afungue zipu, ageuze ndani nje, avute kitambaa cha kiwiko na kwapa, na aangalie malengelenge na utepe unaoinuka. Nyumbani, koti lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, likaushwe vizuri na lisihifadhiwe likiwa limekunjwa na unyevu.

Uimara huohuo wa gundi huleta shida vazi linapochakaa, kwa sababu nailoni, poliuretani na elastani zilizoshikamana hivyo ni vigumu sana kutenganishwa ili zitumike upya. Kwa hiyo baadhi ya viwanda vimechagua kutumia jamii ya poliesta katika tabaka zote tatu, utando ukiwemo, na kupata mvutiko kutokana na uzi uliojizungusha badala ya elastani. Koti la namna hiyo huvutika kidogo kuliko wenzake, lakini sehemu kubwa ya kitambaa chake inaweza kuyeyushwa pamoja na kufanywa uzi tena.