Kwani Wamennonite hawachezi?

Kwenye sendofu moja hapa Isevya, shangazi wa bibi harusi alinijia mezani huku anaserebuka, akanishika mkono. "Mwalimu, inuka ukatunze!" Nikamwambia miguu yangu mizito, nimelelewa Kimennonite, kwenye kanisa ambalo kwa desturi halichezi dansi. Akapunguza mwendo. "Si ndio Moravian hao? Mbona kwaya yao inacheza?"

Nafundisha historia ya kanisa, na hapa Tabora swali hilo nimelizoea. Moravian wako huku tangu 1898, walipokabidhiwa kituo cha Urambo na wamisionari wa London. Babu yao ni Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyetaka kanisa lirekebishwe, akachomwa moto 1415. Sisi ni ukoo mwingine: tulianzia Zürich, Uswisi, mwaka 1525, kwa watu waliobatizana upya wakiwa watu wazima, na jina tukalipata kwa Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536. Kwa Tanzania tuliingilia Shirati, Mara, mwaka 1934. Ndiyo maana Mnyamwezi akisikia "Mennonite" anadhani nimekosea kutamka.

Sasa hilo la kucheza. Mwaka 1527 watangulizi wetu walikutana Schleitheim, hukohuko Uswisi, wakapatana mambo saba. Walikataa kiapo, walikataa kushika upanga, wakasema watajitenga na uovu wa dunia. Katika hayo ya kujitenga, vilabu vya pombe vimetajwa waziwazi. Dansi haimo. Ila fikiria kijiji cha Ulaya cha zama zile: zumari na fidla zilipigwa wapi kama si palepale penye pombe? Aliyekikimbia kilabu aliuacha na muziki wake. Na watu hao walikuwa wanawindwa, wengine wakizamishwa mtoni kwa kosa la kubatizwa tena. Nani angepata hamu ya kucheza? Baadaye mateso yalikwisha, lakini mazoea yakabaki na kugeuka sheria.

Wala sheria haikuwa moja. Kwetu hakuna papa. Ushirika wenyewe ndio unaokaa na kuamua lipi linafaa. Waholanzi walichangamana na jamii yao mapema, hata mwaka 1911 wakamweka mwanamke, Anne Zernike, kuwa mchungaji. Waliokwenda Pennsylvania walishika njia ya ukali: koti lisilo na kola ya kukunja, kofia nyeupe ya kitambaa kwa wanawake, kuimba kwa sauti nne bila kinanda, na dansi mwiko.

Hapa ndipo ninapopenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Vijana wa mashambani Marekani, wa madhehebu mengi yaliyokataza dansi, walibuni mwanya. Walishikana mikono, wakazunguka duara, wakabadilishana wenza huku wanaimba wenyewe, bila fidla. Wakiulizwa, walisema huu ni mchezo, si dansi. Kwa Kiingereza utetezi huo unasimama, kwa kuwa mchezo una neno lake na dansi ina lake. Uhamishie kwenye Kiswahili uone unavyoporomoka: "Hatuchezi, tunacheza tu!"

Huko mkoani Mara jambo lilikuwa na uzito wake. Ngoma haikuwa burudani tupu. Iliandamana na pombe, na jando, na matambiko. Uamsho wa kiroho wa miaka ya 1940 ulipofika, aliyeokoka alitubu hadharani na kuachana na vyote kwa mpigo mmoja. Kwa maoni yangu walitupa na vingine visivyo na kosa. Wimbo wa kulimia una dhambi gani? Nikiwatazama Wanyamwezi na ngoma yao iitwayo hiari ya moyo, naona watu wanaofanya kazi na kufurahi pamoja, basi. Lakini sikuwapo Mara wakati ule, na walioamua ndio walioijua ngoma ile ilikuwa inawapeleka wapi.

Desturi nyingine hazina kelele kiasi hicho. Mahakamani Mmennonite wa kawaida anathibitisha, haapi, kwa sababu ya Mathayo 5: ndiyo yenu iwe ndiyo. Kwenye Meza ya Bwana, makanisa mengi yetu huoshana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Ungamo la Dordrecht la 1632, tamko la imani la Wamennonite wa Uholanzi, limelitaja jambo hilo. Huniambii mtu aliyekuosha miguu Jumapili utamnunia kirahisi Jumatatu. (Unaweza. Nimejaribu.)

Shangazi alinisikiliza mpaka kwenye Zürich hivi, kisha MC akapandisha sauti. Nikainuka na noti yangu ya elfu tano, nikatembea moja kwa moja hadi kwa bibi harusi, mabega yametulia kama mzee wa kanisa anayepeleka sadaka. Nikatunza, nikageuka kurudi. Shangazi alikuwa nyuma yangu muda wote, anapiga vigelegele na kuwatangazia wa meza ya jirani, "Mwalimu kacheza!"