Je, wajua kwa nini machicha ya viazi huwasumbua wenye viwanda vya wanga?

Mama anayekaanga chipsi Birere, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, anaujua wanga hata kama hajawahi kuutafuta. Viazi alivyokata vikikaa ndani ya ndoo ya maji, chini hutuama kitu cheupe, laini, kinacholia ukikifinya kwa vidole. Kiwandani hufanywa vivyo hivyo, ila kwa tani nyingi: viazi husagwa, huoshwa kwa maji na kuchujwa. Wanga hupita na maji, na kwenye chujio hubaki machicha.

Kiazi kwa kawaida ni karibu 80% maji, na wanga ni kama 15 hadi 20%. Ungedhani machicha ni makapi matupu, kumbe hapana. Wanga hukaa ndani ya vyumba vidogo vya seli, na mashine haivipasui vyote. Ukikausha machicha hayo, takriban theluthi bado ni wanga. Kingine ni kuta za seli, zenye selulosi na pektini.

Hizo kuta ndizo chanzo cha usumbufu. Pektini hushikilia maji kama sponji, kwa hiyo hata ukiyakamua machicha kwa mashine, maji mengi hubaki humo. Maji na wanga vikikaa pamoja, bakteria wamepata karamu: baada ya siku chache tu yanachacha na kunuka. Na kuyakausha kwa moto? Kwa bei ya makala (mkaa) ya Goma, hiyo ni hasara tupu.

Uholanzi walianza zamani. Willem Albert Scholten alifungua kiwanda cha wanga wa viazi Foxhol, jimbo la Groningen, mwaka 1841, na vingine vikafuata. Maji machafu yao yalimwagwa kwenye mifereji, ikatoa povu na uvundo kwa miongo mingi. Machicha yalikuwa na bahati zaidi, maana ng'ombe huyapenda. Hushindiliwa na kufunikwa yasipate hewa, bakteria wa asidi ya laktiki huyachachua, na uchachu huo huyahifadhi kwa miezi.

Nguruwe ni habari nyingine. Wanga mbichi wa kiazi ni mgumu kwa tumbo lake, hivyo machicha yapikwe kwanza. Ila viazi vilivyogeuka kijani vitupwe kabisa, kwani sumu yake, solanini, haiondolewi kwa kuchemsha.

Kupika huko kuna faida ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifaa Goma zaidi. Joto likipita nyuzi 60 hivi, chembe za wanga huvimba na kupasuka, uji unakuwa gundi. Kwenye kila depo ya makala kuna vumbi ambalo mteja halitaki. Changanya vumbi hilo na machicha yaliyopikwa hadi kuwa uji mzito, finyanga vitofali, vianike juani. Nyuzi za machicha nazo husaidia kuvishika. Usizidishe uji, vitatoa moshi. Wala usiviache mvuani, kwani gundi ya wanga hulowa na vitofali vyote vitamomonyoka. Kila kitofali kikiwaka, ni makala kidogo zaidi ambayo haikukatwa kwenye misitu ya Virunga.

Mwenye ng'ombe wawili watatu anaweza pia kuyatia machicha kwenye mtambo wa biogesi, ambamo bakteria huyageuza kuwa gesi ya kupikia. Gesi itokayo humo ni methani, ileile iliyoyeyuka kwenye vilindi vya Ziwa Kivu, ambayo upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza umeme tangu 2016. Lakini machicha peke yake huchacha upesi mno, na asidi ikizidi, bakteria wanaotengeneza methani huzubaa na moto wa jikoni hufifia. Sharti yachanganywe na samadi nyingi, yaongezwe kidogo kidogo. Tope linalobaki ni mbolea nzuri kwa wanaopanda mboga kwenye magunia katika mitaa iliyofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, ambako jembe hugonga mwamba.