Pikipiki ya umeme Malindi: kagua viungo kabla ya kununua betri mpya

Pikipiki ya umeme ikianza kulegea kwenye mwinuko, lawama zote hubebeshwa betri, ambayo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote. Hapa Malindi, kusi ikivuma na kuleta chumvi kutoka baharini, anza kwanza na viungo vya waya.

Betri zenyewe zimepiga hatua kubwa. Zile za lithiamu, chuma na fosfeti (LFP) zinavumilia joto kuliko za nikeli na kobalti, kwa sababu haziachii oksijeni kwa urahisi zikipata moto. Ubaya wake ni uzito. Hata hivyo, ukitoka safarini juani, iache kivulini kama nusu saa ipoe ndipo uchaji. Seli, yaani vibetri vidogo vilivyo ndani ya betri, huzeeka haraka zikiwa na joto.

Kiungo ni habari nyingine. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, pini za shaba zikaota kutu ya kijani, na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ukapanda. Chukua kiungo chenye ukinzani wa milioomu 10: mota ikivuta ampea 40, volti 0.4 zinapotea hapo, na wati 16 zinageuka joto ndani ya plagi ndogo. Ukinzani ukifika milioomu 50, joto linakuwa wati 80, na plastiki inayeyuka. Ukipakia abiria wawili na mota ikavuta mkondo mara mbili, joto hupanda mara nne.

Fundi anaweza kupima bila kuendesha. Pikipiki ikichaji kwa ampea 10, aweke ncha za mita ya volti pande mbili za kiungo kinachopitisha mkondo huo. Kiungo kizuri hakizidi volti 0.02. Kikionyesha 0.1, kifunguliwe.

Zima, tenganisha betri, safisha pini kwa spiriti na brashi laini, ziache zikauke kabisa. Usitumie msasa: unakwangua madini yaliyopakwa juu ya shaba, na kutu itarudi upesi zaidi. Malizia kwa grisi ya silikoni kwenye mpira wa plagi, si ile grisi ya bearingi. Pini iliyobadilika rangi itolewe pamoja na mwenzake, maana tundu lililolegea litaunguza hata pini mpya.

Betri ya LFP inayozima ghafla ilhali kioo kinasema 30% huenda si mbovu. Volti zake hubadilika kidogo sana katikati, kwa hiyo mfumo wa kuisimamia hukosea hesabu. Ijaze hadi 100% mara moja kwa wiki na uiache kwenye chaja mpaka ikate yenyewe; hapo ndipo seli husawazishwa.

Betri iliyozama maji ya bahari isichajiwe kamwe, hata ikikauka. Chumvi inabaki kati ya seli ikipitisha umeme, na moto unaweza kuzuka siku kadhaa baadaye. Itoe nje, mbali na nyumba ya makuti na vyombo vingine, kisha mwite muuzaji aichukue.